Miguu ya Bata ku Pedali

Kama unaendeshaka kabaza, ile kinga, ni kusema baiskeli, ya kubeba abiria, na goti yako inaanza kukuuma, ngoja kwanza. Usimutukane jirani. Usimwage chakula ya bibi yako. Usimuite pasta akuje kuombea kinga. Kaa fasi ya juu, acha miguu ininginie, halafu uangalie bidole binaangalia wapi. Mi ningefanya vile siku ya kwanza, hii hadithi ingeishia hapa na we ungerudi ku kazi. Lakini mi sikufanya vile. Mi nilianza na kutafuta mulozi, mutu mwenye aliniloga.

Mi ni mutoto wa Bukavu. Masomo niliipitiaka tu mbele ya mulango, nikasalimia, nikaendelea. Hapa Malawi, mu kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, bananiita Bata, na haiko matusi. Mungu alipomaliza kuniumba, naona kuna mutu alimuita mbio, njo alisahau kunyoosha miguu yangu. Wa kuume unaangalia Dowa, wa kushoto unaangalia Lilongwe, na mi mwenyewe katikati naenda kanisani. Mvua ikishaisha, kama bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, anataka kujua niko wapi, haulizake mutu. Anaangalia tu matope, anafuata alama ya bata mupaka ananipata kwa muuza pombe.

Kazi yangu ni kabaza. Kinga yangu, njinga kama bantu ya Malawi banavyosema, ina kiti ya nyuma ya godoro, bantu banalalaka usingizi njiani. Siku moja nilibeba mama na gunia mbili ya mahindi na mbuzi ya mimba, tukapanda ule mulima wa kwenda Dowa, na kufika juu mbuzi ilikuwa imeshazaa. Batoto ya mbuzi sikubalipisha. Ukitaka kubisha, bisha, lakini ile mama yuko, muulize.

Sasa, shida ilianzia mu mvua. Mvua ya hapa ikianza, barabara inakuwa sabuni. Mupira ya pedali ilikuwa imekwisha, chuma tu ilibaki, na mi nakanyagaka na viatu ya plastiki. Mguu unateleza, pedali inazunguka, inakupiga ku mufupa wa mbele, unaona nyota saa sita ya muchana. Njo nikapata akili. Nilikuwa na kandambili ya mupira ya gari, zile nzito zenye mutu anakufa anaziacha. Nikazipigilia ku pedali! Kandambili ya kuume ku pedali ya kuume, ya kushoto ku ya kushoto, skuru mbili mbili kila moja, nikakaza mupaka funguo ikalia. Na juu mi ni mutu ya kazi safi, nikafunga kamba kutoka taa ya mbele mupaka nyuma, nikazipima, zikanyooka sawa askari bako ku parade. Unachomeka mguu ndani, unaenda. Huwezi kuteleza hata barabara ikipakwa mafuta ya ngombe.

Pale ku stendi yetu benye kinga balicheka mupaka mumoja akaanguka na kinga yake. Lakini ile mvua, mi njo nilikuwa napanda na bo banasukuma. Kicheko ikakwisha.

Mwenye hakucheka ni mumoja tu: Ndayi. Huyu Ndayi ni Murundi, nyumba yake na yangu zinaangaliana, jiko yake inanipatiaka moshi na yangu inamupatia yake. Ni mutu mufupi, mupole, anatembea bidole bya miguu binatazamana ndani, sawa njiwa. Alichuchumaa mbele ya kinga yangu, akaangalia zile kandambili muda murefu. Akazigusa. Akasukuma na kidole gumba.

"Bata, sha," akasema, "hizi hazitikisiki hata kidogo."

"Njo maana yake," nikamujibu. "Kwako zingetikisika."

Akatikisa kichwa, akaenda zake bila kuaga. Mi nikaandika ile siku mu kichwa yangu. Mutu anaangalia mali ya mwenzake muda ule wote, hacheki, anagusa na kidole gumba. Juu ya nini kidole gumba?

Mvua ilipoanza kupungua, goti ikaanza. Ya kuume kwanza, upande wa ndani, sawa kuna mutu ameweka mbegu ya hindi ndani na inaota. Halafu ya kushoto ikasema na mi niko. Kwanza nilifikiri ni uchovu. Lakini niliifanyia uchunguzi, na uchunguzi wangu ni huu: nikiwa ku kinga, inauma. Nikitembea, inapoa. Siku ya Mungu, yenye siendeshi, goti inakaa kimya, inaimba na kwaya. Kesho yake asubuhi nikipanda tu kinga, ii!

Sasa we niambie, ugonjwa gani inajuaka siku ya Mungu? Malaria haijuake. Minyoo haijuake. Kwetu Bukavu kuna karuho, ile sumu ya pole pole yenye bantu banaogopa kuliko risasi, lakini karuho inaingiaka mu tumbo, haichagui goti. Njo nikaelewa: yangu haikutegwa mu chakula. Ilitegwa mu kinga. Na mwenye aligusa kinga ni nani? Na kidole gani?

Kuanzia pale sikulala vizuri. Kinga nikaiingiza mu nyumba. Nyumba yetu ni chumba na pazia, kinga ikalala upande wa bibi.

"Baba Furaha," Mama Furaha akasema, "kati ya mi na kinga, nani uliyemutolea mahari?"

"Kinga haijawahi kunijibu vibaya."

"Na mi sijawahi kukuumiza goti."

Hiyo nilikuwa bado kuhakikisha. Siwezi kuficha, ile wakati nilishuku kila kitu yenye kupumua. Mujane wa nyuma ya nyumba alinisalimia mara mbili asubuhi moja, nikashuku ya pili. Kuku ya jirani ilisimama ku mulango, ikaniangalia na jicho moja, nikaifukuza mupaka ku bomba ya maji. Sahani ikiletwa, nilikuwa nanusa kwanza.

"Ni mi njo nimepika!" Mama Furaha anasema.

"Njo maana nanusa tu. Angepika mwingine ningeita mbwa."

Alichukua sahani, akaila yote mbele yangu, pole pole, na mikono mbili, akalamba bidole. Ile siku nililala na njaa na bado nilikuwa na mashaka.

Wakati wa dawa yangu nauhesabu hivi. Kwanza ilikuwa wakati wa mafuta ya kuchua, ile ya kopo ndogo yenye moto. Nikanuka mupaka abiria banashuka mbele ya kufika. Halafu ukaja wakati wa maji ya chumvi. Halafu wakati wa mafuta ya pasta. Pasta alipaka goti, nikamuambia, pasta, paka na kinga. Akapaka usukani. Nikamuambia, paka na pedali, adui yuko chini. Akapaka. Mafuta ikateremuka ndani ya kandambili, kesho yake mguu ukateleza, nikaingia na abiria mu shamba ya mahindi. Nikazikaza skuru tena kwa nguvu, zikanyooka kuliko mwanzo. Na kila nikizikaza, goti inalia zaidi, na kila ikilia, mi nasema: unaona? Adui amejua nimemugundua.

Kisha ukaja wakati wa vidonge ya kliniki ya kambi. Pale unafika giza, unaweka jiwe yako mu foleni, jiwe inakusimamia. Jua ikitoka, foleni ni mawe na bamama na kikohozi. Benchi yake ni ndefu, ukikaa mwisho wake ukiwa kijana unafika mbele na mvi. Mi sikuzungumuza na mutu, nilikuwa naangalia nani ananiangalia. Infirmie, ni kusema muuguzi, akagusa goti, akaniambia pumuzika majuma mbili tatu, usipande kinga. Nikapumuzika. Goti ikapona kabisa! Nikaruka, nikacheza. Nikapanda kinga, mbele ya kufika ku lami ikarudi na ndugu zake.

Kwangu hii ilikuwa ushuhuda wa mwisho. Hata mahakamani mutu angefungwa.

Ukafika wakati wa kuvuna mahindi. Kwa mutu ya kabaza njo mavuno yake pia, juu kila gunia inataka kubebwa. Na mi nimekaa ku mulango na goti imevimba mupaka kuku ya jirani ilikuja kuilalia, ikifikiri ni yai yake. Paja ya kuume ilipungua ikawa sawa mukono. Suruali upande moja imejaa, upande moja inapepea. Choo ilikuwa vita. Choo zetu ni za kuchuchumaa, na mi siwezi kukunja goti, njo nilikuwa nashika ukuta mukono moja, mulango mukono moja, mguu moja mbele sawa mucheza ngoma. Batoto bangu balikuwa banangojea inje banisaidie kusimama, na banacheka, na mi nacheka nabo, halafu nikibaki peke yangu nalia. Nilikuwa nawaza: bakinikata huu mguu, hawa batoto banakula nini? Hii njo kitu yenye ilikuwa inanikula, kuliko goti.

Mama Furaha hakulia. Alikuja na neno moja.

"Nimemupatia Ndayi kinga."

Nikasimama na miguu yote mbili, nikasahau kama inauma. "Ndayi gani?"

"Tuko na Ndayi ngapi? Kinga yake ilivunjika mufupa wa katikati, yuko bila kazi. Yako iko na kazi lakini haina mutu. Ataendesha, jioni munagawana."

"We mwanamuke! Mutu alinitegea, sasa unamuletea na mutego wake nyumbani?"

"Baba Furaha, batoto hawakule mashaka. Hata nikiweka chumvi."

Ndayi alikuja asubuhi, akachukua kinga na mikono mbili na heshima, akachomeka miguu yake ya njiwa ndani ya kandambili zangu kwa shida, akaenda. Jioni alileta unga na utaka, wale samaki badogo. Nikanusa unga. Nikanusa utaka. Utaka inanukaka yenyewe, ilinichanganya. Nikakula. Lakini mi nilijua mupango yote sasa: kwanza goti, halafu kinga, kisha nyumba. Nilikuwa nahesabu hata vile alikuwa anamusalimia Mama Furaha. "Mwaramutse, mama." Juu ya nini anacheka na meno ya chini?

Randevu, ile siku yenye kliniki ya kambi ilinipangia ku hospitali kubwa ya Lilongwe, ikafika mu baridi. Nililala Mtandire, mutaa moja ya kule, kwa shemeji yangu, dada wa Mama Furaha, mwenye anauzaka mandasi, na asubuhi nikaenda. Chumba ya kungojea ya kule, mutu wangu! Kila mutu na mufupa yake. Mumoja mukono imefungwa ubao, mumoja shingo haigeuki, anakusalimia akiangalia ukuta. Mama mumoja wa mutaa ya Area 23 alinikatia nusu ya kiazi chake bila kuniuliza jina. Nilikishika muda murefu. Halafu njaa ikashinda mashaka, nikakula, na nakuambia, sijawahi kukula kiazi tamu sawa ile. Akanipatia na nusu yake ingine.

Balinipiga radio, ile picha ya ndani. Mufupa iko safi. Nikasema moyoni, kweli, mulozi wa kazi nzuri haachake alama. Bakanipeleka kwa sista mumoja wa mazoezi, Sista Chisomo, mwanamuke munene wa sauti ndogo. Chichewa yangu ni ya barabara, ya kuuliza unaenda wapi na ni ngapi, lakini tulisikilizana.

"Tembea, bambo," akaniambia, bambo ni bwana kwabo. Nikatembea. "Rudi." Nikarudi. Akainama, akaangalia miguu yangu. Akaangalia viatu yangu chini, pande zenye zimekwisha. Mi ni mutu ya bibi na batoto, nikavuta suruali chini.

"Kazi yako?"

"Kabaza."

"Kurudi, ukuje na njinga."

Hospitali inataka kinga yangu? Daktari gani anataka kinga ikuje kumuona? Nilirudi Dzaleka na akili moja tu: huyu Ndayi ana bantu mupaka Lilongwe.

Nilifika nyumbani mangaribi, na nani ananingojea ku mulango? Ndayi. Ameshika kinga na mukono moja, goti na mukono ingine. Hacheki na meno yoyote.

"Bata! Umeniwekea nini ku kinga yako?"

"Mi? Mi nimekuwekea we?"

"Goti zangu zilikuwa nzima kabla sijapanda hii kitu yako! Sasa hapa, upande wa nje, kama kisu! Siku ya Bwana inapoa, siku ya kazi inarudi. Ugonjwa gani huo unajua siku?"

Mudomo yangu ikafunguka. Ile neno ilikuwa yangu. Nilimuangalia mupaka macho ikataka maji.

"Mulozi ni weye," nikasema, "uligusa na kidole gumba!"

"Niligusa kuona kama zinatikisika! Wewe njo ulizifunga, na ulinipa nipande nikufe!"

"Sikukupatia! Bibi yangu njo alikupatia!"

"Basi mko wawili!"

Tulishikana mashati. Ungetuona: mutu moja hawezi kukunja goti, mwingine hawezi kuinyoosha, tunazunguka pale mu vumbi sawa beberu mbili zimefungwa ku muti moja. Hakuna mwenye angeweza kupiga mateke. Jirani zote zilitoka. Mujane wa nyuma alileta kiti akae vizuri.

Mama Furaha alitoka, akatuangalia, halafu akacheka. Alicheka mupaka akakaa chini, mupaka kitenge ikafunguka, anapiga ardhi na mukono.

"Angalieni chini!" anasema. "Angalieni kwanza chini!"

Tukaangalia. Mu vumbi, pale tulizunguka, kulikuwa alama zetu. Zangu zinatoka inje, zake zinaingia ndani, zote zimechanganyikana.

"Bata na njiwa," Mama Furaha akasema. "Na kandambili ziko zimenyooka. Mi kila siku nafagia hizi alama, njo naona. Kule hospitali balikuambia nini?"

"Sista alisema nilete kinga."

"Basi peleka kinga. Na peleka na mulozi mwenzako. Mulozi na mulozi, muende pamoja, mukalogane njiani."

Tulienda juu ya lori ya viazi, kinga katikati yetu, kila mutu ameshika upande wake. Hakuna mwenye alitaka kulala wa kwanza. Mtandire, shemeji akatuwekea chai. Mi nikangoja Ndayi akunywe, Ndayi akangoja mi nikunywe, chai ikaganda ngozi juu. Shemeji akachukua zote mbili akamwaga. "Mukalale na kiu yenu."

Ku hospitali Sista Chisomo alitutoa inje, ku ukuta wa maua. "Pandeni, mukae. Acheni miguu ininginie. Musiishike." Tukakaa, bazee babili ku ukuta sawa batoto. Akatuonyesha na kidole, bila neno. Yangu inaangalia pande mbili. Ya Ndayi inaongea yenyewe kwa yenyewe. Halafu akaenda ku kinga, akashika kandambili, akasukuma, na angalia: na kidole gumba! Tukaangaliana mi na Ndayi.

"Nani alizifunga hizi?"

"Mi mwenyewe," nikasema. Bado kiburi ilikuwamo. "Nilipima na kamba."

Akavuta kinga karibu, akaleta pedali na kandambili yake mupaka ku kiatu yangu vile nimekaa. Haikulingana. Ili ilingane ilibidi ageuze mguu wangu, na vile aligeuza, goti ikaanza kulia palepale, upande wa ndani, ile ile sauti yake. Akaacha mguu. Ikanyamaza. Akageuza. Ikalia. Nikasema basi, sista, basi, nimesikia. Akafanya kwa Ndayi, Ndayi akalia upande wa nje.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kutoka asubuhi mupaka jioni, kila mara unakanyaga, unaukunja mguu kwa njia yenye haujazaliwa nayo. Legeza. Acha mguu uchague. Na kiti, upandishe kidogo."

"Halafu sindano?" Ndayi akauliza.

"Hakuna sindano."

"Vidonge?"

"Mazoezi."

Ndayi akanigeukia, akasema Kiswahili pole pole, sista asisikie: "Sha, tumetoka Dzaleka yote hii kwa sababu ya skuru?" Na mi nikamuambia pole pole: "Huyu anatuficha kitu." Ile njo ilikuwa mara ya kwanza mi na Ndayi kushuku pamoja, mutu moja. Na nakuambia ukweli, ilinipatia raha kubwa.

Sista alitulegezea skuru yeye mwenyewe? Hapana. Alitupatia funguo ya kuazima kwa mulinzi wa geti, akatuambia tufanye, yeye aangalie. Ndayi akatoa skuru ya nyuma kila kandambili, akaacha ya mbele moja tu, imelegea. Nikapanda. Nikachomeka miguu. Mu mizunguko ya kwanza kandambili zikageuka zenyewe, polepole, bisigino ndani, bidole inje, sawa mutu anarudi kulala upande wake. Niliendesha kuzunguka maua mupaka mulinzi akakasirika. Goti ilikuwa inauma bado kidogo. Lakini haikuwa inabishana na mi tena.

Musiseme ilipona kesho yake. Hapo, bandugu benye mutapitia hii, mutajidanganya musipoambiwa. Ilichukua baridi yote na joto yote, kabla mvua irudi. Ule ulikuwa wakati wa mupira wa ndani wa kinga: nafunga upande moja ku mguu wa kitanda, upande moja ku mguu wangu, navuta. Kitanda ilitembea mupaka ku mulango. Mama Furaha akakaa juu ya kitanda isitembee, anachambua maharagi, anahesabu vile navuta, na akinikasirikia alikuwa anarudisha hesabu nyuma ili nirudilie. Siku zingine iliuma tena bila sababu, nikaanza kuangalia mujane wa nyuma. Lakini paja ilirudi. Suruali ikajaa pande zote.

Na siku moja mu joto, nilienda choo, nikachuchumaa, nikashuka mupaka chini kabisa, nikasimama mwenyewe. Nilitoka pale nikipiga kelele sawa mutu ameshinda uchaguzi. Batoto balikimbia kuja kunisaidia, nikabaambia, rudini, baba yenu anajua kuchuchumaa! Kambi yote ilijua. Ku kanisa nikatoa ushuhuda, pasta akaniomba nikae kabla sijafika ku sehemu ya choo.

Kinga tuliamua tuigawane, mi na Ndayi, mupaka yake ipate mufupa. Asubuhi ni yangu, muchana ni yake. Kandambili hazina shida: yeye akipanda zinaingia ndani, mi nikipanda zinatoka inje. Kuaminiana kama bandugu wa tumbo moja bado, hapo siwezi kukudanganya. Mi nanusa utaka wake bado. Yeye anapigaka ishara ya musalaba mbele ya kupanda, na ananiangalia mi, hapana mbingu.

Na juzi, mvua ya kwanza ilishuka. Jioni nilikuwa nimeacha kinga inje ya mulango, juu Mama Furaha alikataa ile mupango ya kulala na kinga, na mupira ya nyuma ilikuwa imelala chini kabisa, sina pompi. Asubuhi natoka, naangalia pedali. Kandambili zimeangalia ndani. Zote mbili. Zinatazamana sawa njiwa.

Nikasimama. Kuna mutu alipanda kinga yangu wakati wangu, na nilijua ni nani, kandambili ziliniambia. Hata mu matope alama zake zilikuwa pale, zimekuja ku mulango wangu na zimerudi kwake. Nikaangalia nyumba ya Ndayi. Jiko yake ilikuwa inatoa moshi, taratibu, sawa mutu hana deni na mutu. Moyo wangu ukaanza kupika ile chakula yake ya zamani.

Halafu nikaona mupira ya nyuma. Imejaa. Nikaibonyeza, ngumu sawa ngoma. Ni lazima aliisukuma mupaka ku fundi ya pompi, akaijaza, akairudisha akiendesha, kusudi mi niamke nipande kabla barabara haijaharibika.

Nikainama, goti ikakunjika bila neno. Nikafungua kidogo tu ule mudomo wa mupira, nikaweka pua, nikanusa.

Ilikuwa hewa.

Nikafunga, nikachomeka miguu, kandambili zikageuka kwa bata, nikaenda kutafuta abiria.